Imesikika na Nani?

Habari ya kifo chake niliipata dukani, hapa mjini Kasulu, nilipokwenda kununua betri za redio. Mwenye duka ni Mwislamu wa makamo ambaye baba yake alitoka pwani, akaoa huku na hakurudi tena. Alinipa betri, akaniuliza kama nina habari. Nikamwambia sina. "Yule bwana wa kompyuta katangulia mbele ya haki, mwalimu," akasema. "Wanamzika kesho, kwao Titye." Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sipendi kuandika juu ya wafu, kwa sababu wafu wetu wote huwa ni watu wema, wapole, wacheshi na wenye ushirikiano, hadi najiuliza wale wakorofi ninaokutana nao kila siku huwa wanazikwa wapi. Huyu hakuwa mwema kwa maana hiyo ya makaburini. Alikuwa mbishi, mwenye majivuno na mdomo mchungu. Tangu tumzike nimekuwa nikimtafutia maneno ya upole, nimeyakosa, na kadiri ninavyotafuta ndivyo hasira inavyonipanda. Kwa hiyo leo naandika nikiwa na hasira, na atakayekereka anivumilie.

Alizaliwa Titye, akasomea kompyuta Dar es Salaam, na mwaka 2012 akarudi Kasulu wakati wenzake walikuwa wakihangaika kutafuta namna ya kutorudi. Watu walidhani amefukuzwa huko, au ana maradhi anayoyaficha. Mwenyewe alisema tu kwamba Dar kuna joto na watu wanaongea sana, jibu lililotuchekesha, maana tangu afike hapa hakuna aliyepata nafasi ya kuongea mbele yake. Alimsahihisha mhubiri nje ya kanisa, alimsahihisha fundi cherehani namna ya kupima bega, na mimi alikuwa akiniletea makala zangu zimechorwa wino mwekundu kila mahali. Mara nyingi aliyekosea ni yeye, nikamwonyesha, akakunja gazeti lake na kusema kwamba basi kanuni yenyewe ni mbaya. Tulizoeana hivyo. Sisemi tulikuwa marafiki, kwa sababu neno hilo angelisahihisha, lakini alikuwa akija kwangu jioni kunywa chai, na asipokuja nilikuwa naangalia njia.

Shirika moja lilimwajiri atengeneze mfumo wa kuita gari la wagonjwa. Sitalitaja jina, kwa kuwa si lenyewe tu lenye tabia nitakayoieleza. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri na ilihitajika. Nyanda zetu hizi ni za vilima na udongo mwekundu, mvua ikinyesha barabara inakuwa uji, na zahanati nyingi zina muuguzi mmoja na kitanda kimoja cha kujifungulia. Mfumo ulikusudiwa uwe hivi: muuguzi anatuma ujumbe mfupi wa simu, ujumbe unaingia kwenye kompyuta ya mradi, na kompyuta inaliita gari la Kibondo. Gari la Kibondo likiwa bovu au liko mbali, wito unarushwa upande wa Kasulu ili gari la Kasulu liende. Muuguzi naye anapata jibu palepale kwenye simu yake, ajue afanye nini. Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike leo.

Alitumia lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, na alinieleza jinsi inavyofanya kazi hata pale ambapo sikuuliza. Ndani ya programu, alisema, kuna kitu ambacho kazi yake ni kutangaza kwamba jambo fulani limetokea. Yeye alikiita mpiga mbiu. Mpiga mbiu hajui nani yuko nje. Anataja tu jina la tukio, na kila aliyejiandikisha kusikiliza tukio hilo anaamka na kufanya kazi yake. Mfumo wake ulikuwa na wapiga mbiu wawili, mmoja wa Kibondo na mmoja wa Kasulu, na kilichomtia majivuno zaidi ni namna alivyowaunganisha. Kwa mpiga mbiu wa Kibondo aliweka msikilizaji wa pekee asiyefanya kazi yoyote ila moja: akisikia wito, anauchukua kama ulivyo na kuutangaza upya kwa mpiga mbiu wa Kasulu. Mistari michache tu ya maandishi. Alinionyesha kwenye kompyuta yake kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, na mimi nikasifia, kama mtu anavyosifia mtoto mchanga wa mwenzake hata asipoona tofauti.

Kulikuwa na jambo jingine alilolipenda katika lugha hiyo. Mpiga mbiu akishatangaza, lugha yenyewe inarudisha jibu la ndiyo au siyo: je, kulikuwa na msikilizaji? Marehemu akalichukua jibu hilo na kulifungia kwenye ujumbe wa muuguzi. Ikiwa ndiyo, simu ya muuguzi ipate neno moja, "Imesikika." Neno alilichagua mwenyewe, na watu wa mradi walilipenda kwa kuwa ni fupi na lina utu ndani yake. Mimi ni mtu wa kuja, nilipangiwa kufundisha huku nikiwa kijana na nikabaki, na nilimwambia kwamba kwangu neno hilo halina uzito, ningeweka "gari linakuja" au "gari haliji." Akanicheka. Akasema kwa Kiha kusikia na kuelewa ni neno moja, kumva, na mtu wa kwao akikuambia amekusikia basi ameshalichukua jambo lako mabegani. Waswahili wa mjini, alisema, ndio wanaosikia kwa masikio tu.

Mfumo ulifanya kazi vizuri msimu mzima na sehemu ya msimu uliofuata. Kisha, katika mvua za mwaka 2014, muuguzi wa zahanati moja ya pembeni kabisa upande wa Kibondo akapata mama mwenye uchungu ambaye mtoto wake alikuwa amekaa vibaya. Ndugu wa mama walikuwa wamekuja na machela, vijana wenye nguvu, tayari kumbeba hadi barabara kuu ambako magari ya mizigo hupita. Muuguzi akatuma wito kwanza. Jibu likarudi kabla hajaweka simu mezani: Imesikika. Akafurahi, akawaambia vijana wapumzike. Walisubiri asubuhi yote wakitazama mlima ambako gari lilipaswa kutokea. Saa za alasiri walipoamua kumbeba, damu ilikuwa imeshamwishia. Mtoto alipona. Mama alifia njiani, juu ya mabega ya kaka zake.

Marehemu alikwenda huko mwenyewe, kwa pikipiki ya kukodi, kumhoji muuguzi. Najua alikwenda akiwa na hakika kwamba muuguzi alikosea kutuma, kwa sababu ndivyo alivyoniambia kabla ya kuondoka, na kwa maneno yasiyofaa kuandikwa gazetini. Muuguzi ni mwanamke wa hukohuko Kibondo, mtu wa sauti ndogo. Hakubishana naye. Alimwonyesha simu, neno likiwa bado limo, kisha akamwambia, "Kaka, lisingekuja hili neno lako ningewaachia wambebe. Mimi si daktari, lakini machela nilikuwa nayo mlangoni. Neno lako ndilo lilinikalisha."

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu akiwa bado na matope, akakaa barazani. Nilimpa chai haikunyweka. Baadaye akaanza kunieleza kosa, na kwa kuwa nilikuwa mzito kuelewa alitumia mfano wa matangazo ya kanisani. Katekista anasimama kwenye kigango chake na kusoma tangazo. Siku hiyo waumini wote hawapo, yupo mtu mmoja tu, yule aliyetumwa kulichukua tangazo na kulisoma kwenye kigango cha pili. Katekista anamwona, anasema vizuri, limesikika. Mtu wetu anakwenda kigango cha pili, analisoma vilevile, neno kwa neno, kwa mabenchi matupu. Hakuna aliyedanganya. Katekista alisikilizwa kweli, na mjumbe alifikisha kweli. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Gari la Kibondo lilikuwa gereji, kwa hiyo msikilizaji wake alikuwa ameondolewa makusudi, akabaki yule wa kurusha peke yake. Upande wa Kasulu, sehemu iliyokuwa ikisikiliza na kupiga simu ya dereva wa zamu iliondolewa ofisini walipobadilisha namba za simu, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Mpiga mbiu wa Kibondo alipoulizwa kama kulikuwa na msikilizaji akajibu ndiyo. Msikilizaji mwenyewe alikuwa mjumbe tu.

"Hili ni langu," akasema. "Mashine iliniambia kuna sikio. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kuna mtu."

Nimesikia watu wengi wakikiri makosa, wengi wao wakiwa wanafunzi, na najua mtu anapokiri ili aachiwe. Huyu hakutaka kuachiwa. Alitaka kurekebisha, na alishajua namna. Neno lile lisitoke mpaka mtu mwenye gari, awe wa Kibondo au wa Kasulu, abonyeze kwa kidole chake kwamba anakwenda. Jibu lake lirudi njia ileile, kutoka kwa mpiga mbiu wa pili hadi wa kwanza, hadi kwenye simu ya muuguzi. Asipobonyeza mtu, muuguzi aambiwe waziwazi kwamba hakuna aliyejibu, ili ashike machela yake mapema. Ilikuwa kazi ndogo, ya siku chache. Alichohitaji ni ruhusa tu.

Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia, kwa sababu hadi hapo ni kosa la binadamu, na makosa ya binadamu nimeyazoea. Meneja wa mradi, bwana nadhifu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine na aliyekuwa akihesabu miezi ya kuondoka, aliita kikao. Nilikuwepo, kwa kuwa walikuwa wakinialika niandike habari njema zao. Marehemu akaeleza kosa lake bila kujificha. Meneja akasikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu zote. Kisha akasema kwamba kwa utaratibu wa sasa karibu wito wote unaonekana umesikika, na wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani kuja kuuona mfumo. Wakibadilisha sasa, skrini itajaa maneno ya kwamba hakuna aliyejibu, na wageni watauliza maswali. Akamalizia kwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: "Tumelipokea. Tutalifikisha kwa wahusika, na litafanyiwa kazi." Marehemu akamuuliza wahusika ni akina nani. Meneja akarudia kwamba watajulishwa. Hapo marehemu akamtukana, tusi zito la Kiha ambalo nusu ya chumba hawakulielewa na nusu nyingine walitazama chini. Mkataba wake ulipoisha hawakuuendeleza, na neno la siri la kuingilia kwenye ile kompyuta lilibadilishwa siku hiyohiyo.

Sitamtetea kwa tusi lile. Angekuwa mtulivu huenda angepewa hata ruhusa ya kubadilisha neno moja. Lakini ninauliza, ni utulivu wa kiasi gani anaotakiwa kuwa nao mtu ambaye amekuja mbele ya wakubwa kusema kosa langu limeua, nipeni nafasi lisiue tena, akajibiwa kwamba wageni wanakuja? Alitoka hapo akaenda kwa watu wa afya, akaenda kwa watu wa wilaya, Kasulu na kisha Kibondo. Kote alipokelewa vizuri, akapewa kiti. Kila aliyemsikiliza alisema jambo lake ni la msingi na kwamba atalipeleka mbele. Na walilipeleka, hilo siwezi kuwanyima. Afisa alimwambia afisa, afisa akamwambia mkubwa wake, mkubwa akaligusia kwenye kikao, kikao kikaliweka kwenye mengineyo. Mwisho wa njia hiyo ndefu hapakuwa na mtu. Alikuja kwangu akicheka kicheko kibaya, akasema amegundua kwamba serikali na mashirika yote yameandikwa kwa mistari yake ileile.

Siku hiyo aliniambia jambo moja ambalo nimelifikiria sana. Katika lugha ile ya JavaScript, alisema, unaweza kutangaza tukio lolote bila msikilizaji na programu itaendelea kama hakuna kilichotokea. Isipokuwa tukio moja, tukio la kosa. Ukitangaza kosa na hakuna hata mmoja anayelisikiliza, programu nzima inaanguka papo hapo, kila kitu kinasimama. Waliotengeneza waliona kwamba mambo mengine yanaweza kupita bila mtu, ila kosa haliwezi kupita hivyo. Nilimwambia hiyo ni busara. Akasema si busara, ni aibu, ila mashine imewekewa na sisi hatukuwekewa. Nilikasirika kidogo, maana alikuwa na tabia ya kuzungumza kama vile yeye peke yake ndiye anayeona. Leo nafungua macho kila asubuhi, nasikia redioni viongozi wakisema limepokelewa, limesikika, linafanyiwa kazi, nami nazima redio.

Tumekuwa taifa la kupokea na kupeleka. Mwalimu anapeleka kwa mkuu wa shule, mkuu anapeleka kwa afisa elimu. Mgonjwa anaandikiwa kwenda huku, huku wanamwandikia kwenda kule. Mwaka huu wa 2015 wenzetu wa Burundi wanavuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani, na kila mwenye simu anazituma picha zao kwa makundi yake, kisha anahisi amefanya kitu. Mtu akipeleka mbele anapata raha ya mtu aliyetenda, bila jasho la kutenda. Na simlaumu mjumbe kwa kuwa mjumbe. Msikilizaji yule wa marehemu alikuwa anafanya kazi yake sawasawa, na ulimwengu hauwezi kwenda bila wa namna yake. Ubaya wetu ni kwamba tumekubali kumhesabu mjumbe kuwa ndiye mwisho wa safari. Tunauliza kama kuna aliyesikia, anajitokeza mtu wa kati, tunaandika ndiyo, tunalala.

Alipokosa pa kwenda aliamua kwenda zahanati kwa zahanati kuwaambia wauguzi wasiliamini neno lake. Alikwenda kwa baiskeli, nauli za pikipiki zilipomshinda. Alianzia Kitahana na vijiji vya jirani, akaja hadi njia ya Kabanga. Kwa tabia yake ile, sehemu nyingine aliharibu zaidi ya alivyojenga. Alikuwa akiwafokea wauguzi kama vile wao ndio walioandika programu, na baadhi waliona ni mtu aliyefukuzwa kazi anayetafuta wa kumlipizia kisasi. Lakini alikwenda. Alinyeshewa kwenye vilima vile mara nyingi, akapata homa, akapuuza, akanyeshewa tena, ikashuka mapafuni. Nilimwona wiki mbili tatu kabla ya kifo chake, amekonda, anakohoa, bado anabishana nami kuhusu mkato niliouweka mahali pasipofaa. Nilimwambia aende hospitali. Akasema amesikia.

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko nilivyotegemea. Migomba ya kwao ilikuwa imelowa, watu wamejaa hadi barabarani. Meneja alikuja na gari la mradi, na lazima niseme alikuja kwa heshima, amevaa suti nyeusi na ameleta shada. Alipopewa nafasi alisema marehemu alikuwa hazina, kwamba mfumo aliouacha unaendelea kuokoa maisha katika wilaya zetu mbili, na kwamba sauti yake itaendelea kusikika. Mama mzazi wa marehemu alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa kuwa ni maneno mazuri na mwanawe alikuwa amelala hapo mbele. Nilitamani kusimama, lakini mazishi si mahali pa kumvua mtu nguo mbele ya mfiwa.

Muuguzi yule wa sauti ndogo alikuwa amesafiri kutoka Kibondo. Baada ya udongo kufunika, watu walipokuwa wakitawanyika, alimfuata meneja karibu na gari na kumsalimia vizuri. Kisha akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu kilichochanganyika na Kiha, swali ambalo tuliokuwa karibu tulilisikia sote.

"Mkubwa, kesho nikituma, kule Kasulu ni nani atanijibu? Munitajie jina lake tu, nilijue."

Meneja alimtazama, akatazama dereva wake, akasema ni swali zuri na amelipokea. Muuguzi akashukuru kwa kupiga goti kidogo, kama ilivyo desturi, akaondoka kwenda kutafuta usafiri wa kurudi. Gari la mradi lilikwenda kwa upande huohuo bila kumchukua.

Nimeuliza tangu hapo, kwa kila ninayemfahamu. Mfumo bado unafanya kazi kama siku ile, na sehemu ya Kasulu haijarudishwa. Kwa hiyo safu hii, ambayo kwa kawaida huishia kwa kuwatakia wasomaji heri, leo inaisha na maagizo, na ninayatoa kwa kuwa aliyepaswa kuyatoa hana sauti tena. Nyinyi wauguzi wa zahanati za Kibondo na Kasulu, na nyinyi ndugu mnaosubiri nje na wagonjwa wenu: tumeni wito, hamjui, huenda siku moja kukawa na mtu. Lakini simu ikiwajibu kwamba imesikika, msikae. Inueni machela mwende.